Chumba cha Utamaduni

Jumatatu, 10 Juni 1974

Baridi. Ukungu mpaka kizingitini. Nimevaa koti jeupe juu ya sweta mbili, na bado nimependeza.

Asubuhi Daktari Mikaeli alituita sote chumba cha siagi. Ndilo jina lake la zamani. Mzungu aliyekuwa na shamba hili alitengenezea siagi humo, na siku za mvua kuta bado zinanuka maziwa. Sasa ni maabara ya Chuo Kikuu, kituo cha milimani. Tunachukua magome ambayo waganga wa huku hutibia vidonda, tunayachemsha, tunayachuja, tunatenganisha kilichomo, kisha tunaangalia kama kinaua vijidudu. Daktari anasema hapa kemia na biolojia zimeoana. Mwanaidi, anayeosha vyombo vyetu vya kioo na kutupikia, anasema ni ndoa yenye vyombo vingi kuliko chakula.

Habari yenyewe. Jumamosi ya wiki ijayo atakuja Mama Jenoveva, mjumbe wa Kamati ya Chuo. Ataamua kama kituo kibaki hapa au vifaa viteremshwe Dar es Salaam. Vikiteremshwa, Daktari atateremka navyo. Sisi mafundi tutabaki na mlima. Kwangu mimi, maana yake ni kabichi. Baba ana shamba la kabichi Malindi, hii yetu ya milimani, na amenitunzia jembe. Ananionyesha kila Jumapili baada ya ibada, bila kusema neno.

Kikibaki, atateuliwa Fundi Mkuu. Mafundi tuko wawili, mimi na Efrazia. Efrazia ni binti wa Gare, Mkatoliki, hodari kiasi. Kazi yake ni kuotesha vijidudu kwenye visahani. Yangu ni magome: kuchemsha na kuchuja. Bila mimi hana cha kuviulia.

Daktari akaongeza kwamba waraka umetoka: ofisi zote Kiswahili. Vibao, lebo, kila kitu, kabla mgeni hajafika. Akauliza nani ataiweza kazi hiyo. Nilikuwa nimekwisha kusimama.

Jumanne, 11 Juni

Nimeazima kamusi kwa Mchungaji. Nene, ya Kiingereza kwa Kiswahili, imeota ukungu mgongoni lakini maneno yote yamo. Kazi ya heshima. Taifa hujengwa kwa matofali, na mengine ni maneno. Hilo nimelitunga mwenyewe.

Mpaka saa ya chai nilikuwa nimemaliza mizani, chujio, kipimajoto na hadubini. Kisha nikakutana na kalcha.

Kalcha ndivyo tunavyoita vijidudu vilivyooteshwa. Efrazia huchukua usaha wa jipu, huupaka juu ya uji wa mwani ulioganda kwenye kisahani, hukiweka kisahani ndani ya sanduku lenye taa ya mafuta ili kipate joto, na baada ya siku mbili vijidudu vimeota kama ukoga kwenye jiwe. Hiyo ndiyo kalcha. Nikafungua kamusi. Haikusita hata kidogo. Utamaduni.

Efrazia akasema hapana. Akasema utamaduni ni ngoma na mila, na kwamba Wazungu wamelipa neno moja kazi mbili, kama sisi tulivyofanya na kaa. “Kuna kaa la moto na kaa wa baharini,” akasema. “Wewe ukitumwa kaa la jikoni utarudi na mwenye magando.” Nilimwuliza kwa utulivu kama yeye anajua kuliko kamusi. Akajibu kwamba kamusi haijawahi kunusa kisahani chake.

Wivu.

Jioni nimepigilia kibao mlangoni kwake. Ubao mweupe, herufi za kijani: CHUMBA CHA UTAMADUNI. Nilitegemea atakasirika. Alikisoma, akasema nikiache palepale, asikiguse mtu. Amesalimu amri.

Mwanaidi sasa ananiita Bwana Kamusi. Heshima huanza hivyo, kidogo kidogo.

Bado solusheni, yaani vile vitu vyote vilivyoyeyushwa majini tunavyoviweka kwenye chupa za kabatini. Nayo ina zamu yake.

Jumatano, 12 Juni

Daktari ameondoka alfajiri kwenda Tanga kutafuta spiriti na mafuta ya jenereta. Kibao hakukiona, kwa ajili ya ukungu. Atarudi pamoja na mgeni siku ileile ya ziara.

Kabla ya kuondoka alitoa agizo moja lisilo na busara. Siku ya ziara kila fundi ataeleza chumba chake. Nilikuwa nimetayarisha hotuba ya kituo kizima. Nitasimama kwenye ngazi, mkono mmoja mfukoni. Sasa Efrazia naye aseme? Yeye huongea kama anayemwelekeza mtu njia ya sokoni. Mjumbe wa Kamati hakupanda mlima kusikiliza hayo.

Nimepata dawa. Nimemwambia kwamba magome ya mshai yanakaribia kwisha, na msituni Magamba wanatukubalia kuchukua Jumamosi tu, tena ile ya tarehe ishirini na mbili, tena aende mtu mwenye jicho zuri. Nilisema kwa masikitiko. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanikumbusha kwamba magome ni kazi ya chumba changu.

Mwanaidi alikuwa mlangoni na beseni lake. Akasema amemsikia Bwana Miti, msimamizi wa msitu, kwa masikio yake akisema twende siku yoyote, hata kesho, na kwamba yeye anaona kesho ni siku nzuri sana kwa Bwana Kamusi.

Alhamisi, 13 Juni

Magamba. Mvua. Mteremko wote ni utelezi. Nimekalia siafu. Gunia la magome limelowa, likawa zito kama maiti, nimelibeba mpaka barabarani peke yangu.

Mwanaidi alinipa chai ya tangawizi, akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilimjibu kwamba mchimba kisima ndiye wa kwanza kuyaona maji. Alianza kujibu, kicheko kikamshinda.

Jumapili, 16 Juni

Kanisani. Mama amewaambia akina mama wa kwaya kwamba mwanawe ndiye atakayempokea mjumbe wa Chuo. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia tu kwamba bila mimi asingepokelewa vizuri.

Baba, baada ya ibada: jembe.

Wakati wa mahubiri nilipata wazo. Efrazia ataongea na Mama Jenoveva, mtu mmoja. Vyema. Mimi nitaongea na umati. Mjumbe akiona wakubwa wa wilaya wamejipanga uwanjani wananisikiliza, atajua kituo ni nani. Kesho nateremka Lushoto kualika.

Jumatatu, 17 Juni

Lushoto. Siku ya ushindi.

Ofisi za wilaya zilikuwa na watu waliofuata mgao wa mahindi mpaka ukumbini. Bwana Shamba hakuwa na nafasi. Bwana Afya alikuwa na watu wa mahindi pia, sijui kwa nini. Mlango mmoja tu ulikuwa wazi, wa Ndugu Cosmas, Afisa Utamaduni. Mtu wa Songea, mnene, mpole, ana ngoma mbili kwenye kona na kabati tupu. Alinikaribisha kama mtu aliyekuwa akinisubiri. Nilimwambia kwamba maabara yetu ina chumba kizima cha utamaduni. Akaweka kalamu chini.

“Chumba kizima?”

“Chenye joto lake,” nikasema. “Tunaulisha. Usipolishwa unakufa.”

“Hilo nimelisema kwenye vikao vyote, ndugu yangu. Vyote. Mnautoa wapi?”

“Kwa wananchi wenyewe. Tunawafuata majumbani, wanatutolea, tunauhifadhi.”

“Na wa kigeni?”

“Upo mmoja. Umeletwa kutoka Ulaya ndani ya kichupa. Huo tunaupambanisha na mshai, mti wetu wa hapahapa.”

“Nani anashinda?”

“Mshai. Ule wa Ulaya unakufa wote, panabaki peupe.”

Ndugu Cosmas alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Akasema katika miaka yake yote ya kazi hajapata kuona taasisi ya elimu ya juu yenye msimamo kama huo. Akauliza kama vijana wanaruhusiwa kuukaribia. Nikasema kwa uangalifu tu, kwa sababu unaambukiza upesi. Akasema ndivyo inavyotakiwa.

Atakuja. Yeye mwenyewe. Na hatakuja mikono mitupu, ndivyo alivyosema. Ataleta watu.

Nimerudi na basi la jioni, nimesimama njia nzima, sikuhisi chochote.

Jumatano, 19 Juni

Nimepatwa na mkosi mdogo. Nauandika kwa sababu mimi huandika yaliyotokea.

Jana nilichungulia sanduku la Efrazia. Vijidudu vilikuwa vidogo mno. Alama alama tu, kama mchele uliomwagika. Nimemwahidi Ndugu Cosmas utamaduni unaostawi, nitamwonyesha hivi? Nikaongeza taa ya pili sandukuni, utambi juu. Nia njema.

Asubuhi uji wa mwani ulikuwa umeyeyuka wote. Umetiririka nje ya visahani, umeshuka mguu wa meza. Harufu siielezi.

Efrazia hakupiga kelele. Alinitazama kama mtu anavyotazama kabichi iliyooza kwa ndani, yaani bila kushangaa. Kisha akaenda jikoni kwa Mwanaidi, akarudi na kikapu kilichofunikwa kitambaa. Visahani vingine! Safi, vimeota vizuri, kila kimoja na jina lake. Vilikuwa kwenye rafu iliyo juu ya meko, mahali Mwanaidi anapoumulia unga wa maandazi. Joto la pale, anasema Mwanaidi, halijawahi kumtupa. Efrazia anasema alianza kuviweka huko siku nilipopigilia kibao. Alijua kuna jambo litafuata.

Nimeacha kula maandazi.

Lakini tuseme ukweli. Kama si taa yangu, nani angejua kwamba rafu ya jikoni ni bora kuliko sanduku? Ugunduzi huo una mwenyewe.

Ijumaa, 21 Juni

Mama amelipiga koti langu wanga wa muhogo na kulinyoosha kwa pasi ya mkaa. Linasimama lenyewe. Nikilivaa siwezi kukunja kiwiko, kwa hiyo habari ya mkono mfukoni nimeiacha. Nitanyoosha mikono yote miwili kando, kama mtu anayekaribisha. Inafaa zaidi.

Hotuba iko tayari. Inaanza: “Ndugu mgeni rasmi, umesimama kwenye kitovu cha utamaduni.”

Efrazia ameshinda akifuta kioo cha kukuzia. Hakuandika chochote. Namhurumia.

Jumamosi, 22 Juni

Nitaandika kwa mpangilio.

Landrova ilifika kabla ya adhuhuri. Mama Jenoveva aliteremka amekuwa kijivu. Kona za kutoka Mombo zilikuwa zimemmaliza. Mwanamke mrefu, mkavu wa maneno. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia huku amefumba macho, akaketi kwenye ngazi, ngazi ileile ya hotuba yangu. Mwanaidi akamletea chai ya tangawizi. Daktari naye akashuka, akavuta pumzi, akatazama nyumba kwa furaha ya mtu aliyerudi kwake. Hapo akaona kibao.

Akakisoma. Akanitazama. Akafungua mdomo.

Kabla hajasema, lori. Lilikuwa linapanda mteremko kwa gia ya chini, na juu yake watu wamesimama wanaimba. Ndugu Cosmas yuko mbele kwa dereva, amevaa suti ya Chou En-lai, ile ya kola ya Kichina, iliyonyooshwa. Nyuma ni kikundi cha ngoma cha akina mama wa Malindi na Bibi Rahabu, kiongozi wao, pamoja na wapiga ngoma, njuga na mabuyu. Nyuma ya lori wanakijiji kwa miguu, maana huku likipita lori linaloimba hakuna anayebaki na jembe. Uwanja ukajaa. Sijawahi kuona watu wengi namna ile katika kituo chetu. Nilisikia raha.

Nikapanda ngazi, ngazi moja juu ya Mama Jenoveva. “Ndugu mgeni rasmi,” nikasema. Ngoma zikaanza. Wapigaji walidhani nimewapa ishara. Mikono yangu ilikuwa imenyooka kando, na koti lile halikuniruhusu kuishusha haraka.

Zilipotulia, Ndugu Cosmas alinipa mkono mbele ya wote. Akamwambia Mama Jenoveva kwamba wilaya nzima inajivunia kazi hii, kwamba amewaleta akina mama hawa wajionee urithi wao ulivyohifadhiwa, na wenyewe wameleta wa kuongeza. Mama Jenoveva alimtazama Daktari. Daktari alitazama mlima.

Bibi Rahabu akauliza wachezee wapi, ndani au nje. Ndugu Cosmas akasema kwanza tuuone uliopo. Nikafungua mlango wa Chumba cha Utamaduni. Waliingia yeye, Bibi Rahabu, mpiga ngoma mkubwa, na wengine wakajaza mlango na madirisha. Ndani mna meza, sanduku, kioo cha kukuzia na Efrazia.

Ndugu Cosmas akatafuta kwenye kuta zote nne. Hakuna kinyago. Hakuna vazi. Nikamwekea kisahani mkononi kwa fahari. Akakisogeza karibu na pua, akakirudisha mbali.

“Ndugu Tobia,” akasema polepole, “huu ni utamaduni wa nani?”

“Wa jipu la Mzee Abrahamu,” nikasema.

“Mimi hapa,” akasema yule mpiga ngoma mkubwa.

Kisha Mzee Abrahamu akasogea, akainama juu ya kisahani kama mtu anayetafuta sura yake majini. Akasema, “Mgosi, hili jipu lilikuwa dogo tu. Limezaa ngoma kubwa namna hii?”

Hapo dirishani mtu mmoja alianza kucheka, na kicheko kikaenda uwanjani kikarudi. Ndugu Cosmas hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini kwamba ametumia mafuta ya serikali. Alisema amewatoa akina mama mashambani. Akaniuliza kama nilikuwa namdhihaki. Nilitaka kumweleza kuhusu kamusi. Nikamwona Mama Jenoveva amesimama mlangoni na kikombe chake, uso wake hausomeki, na nikayaona makabichi, safu kwa safu, mpaka upeo wa macho.

Efrazia akakichukua kisahani mkononi mwa Ndugu Cosmas. Hakusema ndugu mgeni rasmi. Alimgeukia Bibi Rahabu.

“Shikamoo, Bibi. Tazama hapa. Huu ni uwanja. Hawa waliojazana pembeni ni wachezaji. Hapa katikati nimeweka tone la dawa ya mshai, mti uleule mnaotumia nyumbani. Waonaje?”

Bibi Rahabu akajibu marahaba, akatazama kupitia kioo. Akachukua muda wake.

“Wamelikimbia,” akasema. Kisha akatazama tena. “Hapana. Hawana miguu hawa. Waliokuwa katikati wamekufa.”

Efrazia akasema ndivyo hasa, na kwamba kitu kilichowaua, ni kipi kati ya vingi vilivyomo gomeni, ndicho tunachokitafuta hapa, bado hatujakipata. Basi, hapakuwa na kuwazuia tena. Kila mmoja alitaka kuuona uwanja. Wakapanga foleni kutoka mezani mpaka penye lori. Mzee Abrahamu alisimama kando ya kisahani chake na kuwaeleza wote waliopita kwamba jipu ni lake, lilitoka goti la kulia. Kuna aliyeleta kidonda chake akiomba nacho kioteshwe. Kuna mama aliyeuliza kama uwanja wa mkwewe ungekuwa mkubwa kuliko huu.

Nje, waliokwisha kutazama walianza kucheza. Walijazana pembeni mwa uwanja, wakatoa nafasi katikati, Bibi Rahabu akaingia peke yake akiwa ni mshai, na kila alikogeuka wachezaji wakaanguka. Wimbo ulitungwa palepale, kwa Kishambaa. Siunakili. Jina la jipu limo, na langu pia limo, katika ubeti mmoja.

Mama Jenoveva alipanga foleni kama wengine. Zamu yake ilipofika alitazama, akanyooka, akamwambia Daktari maneno ambayo niliyasikia kwa sababu nilisogea.

“Dar es Salaam tuna vyumba vya kutosha,” akasema. “Hatuna mtu hata mmoja anayepanga foleni kutazama kisahani. Kaeni hapahapa.”

Ndugu Cosmas aliomba sabuni. Akanawa mpaka viwiko. Kisha nilimwona uwanjani, koti la suti amelitundika kwenye Landrova, anacheza pembeni. Alipofikiwa na Bibi Rahabu alianguka vizuri sana kwa mtu wa mwili ule.

Jumatatu, 24 Juni

Kituo kinabaki. Nimekiokoa.

Sisemi kwa majivuno, nasema kwa mpangilio. Bila neno langu, kibao kisingekuwepo. Bila kibao, nisingekwenda kwa Afisa Utamaduni. Bila yeye, hakuna lori, hakuna foleni, na mjumbe angekunywa chai yake na kuondoka na vifaa vyetu. Hata Daktari amekiri. Aliniita ofisini, akasema kosa langu ndilo lililoujaza uwanja. Akasema amefikiri usiku kucha anipongeze au anifukuze, na kwa kuwa hajaamua, niendelee na kazi. Akaomba kitu kimoja, kwamba kamusi irudi kwa Mchungaji. Naelewa. Anaogopa isiharibike.

Fundi Mkuu ni Efrazia. Uteuzi wa kawaida. Mtu wa mawazo makubwa hasumbuliwi na orodha za visahani. Nilimpa mkono. Alisema, bila kejeli, kwamba hajapata kuona mtu anayekosea kwa bidii kama mimi, na kwamba magome yangu lakini ni safi, huyategemea. Nimeyaandika maneno hayo kama alivyoyasema. Sehemu ya pili hasa.

Kibao amekishusha. Kimekuwa kabari ya meza ya sanduku, kinazuia mguu mfupi wa meza usiyumbe. Visahani sasa wote wanaviita viwanja. Hata Daktari. Neno hilo halimo katika kamusi yoyote kwa maana hiyo, lakini nani atamwambia Fundi Mkuu?

Mwanaidi alinipikia maandazi. Nilisita. Akasema rafu imesafishwa, visahani vimerudi sandukuni. Nikala. Matamu.

Jana baada ya ibada Baba alipita karibu nami. Hakuwa na jembe. Ameliweka darini, Mama anasema. Aliniuliza tu ule ubeti wangu unasemaje, nikamwambia ni sifa.

Jumatano, 26 Juni

Kamusi nimeirudisha. Mchungaji ameshukuru.

Kabla ya kuirudisha nilitazama neno moja la mwisho, kwa sababu kazi ikianzwa imalizwe. Solusheni. Kamusi haikusita. Suluhisho.

Nimebandika lebo kabati zima. SULUHISHO KALI. SULUHISHO HAFIFU. SULUHISHO LA CHUMVI. Linapendeza kutoka mlangoni. Efrazia yuko Gare mpaka Ijumaa, atalikuta kama zawadi.

Jioni nilipitia kwa Mzee Timotheo, Mwenyekiti wa Baraza la Usuluhishi, lile la mambo ya ndoa. Mzee wa kanisa, mtu makini, amechoka. Nilimdokezea tu kwamba maabara yetu ina masuluhisho ya kila aina, yamejaa kabati. Akavuta kiti. Akauliza kama yamejaribiwa. Nikamwambia yote yamepimwa, mengine yamechujwa mara mbili. Akauliza huchukua muda gani. Nikasema ukitikisa vizuri, papo hapo.

Mzee alinishika mkono, akaufumbata. Anao mume na mke kutoka Mlalo, wamelishinda Baraza mwaka mzima.

Nimemwambia awalete kesho asubuhi, kila mmoja na chupa yake.